Umefuzu Moi Barracks, Sasa Bahari Inakungoja

Wadogo zangu, mmoja wenu ameniandikia kutoka Langas. Amefuzu Moi Barracks hapa Eldoret, amepangiwa Jeshi la Wanamaji kule Mtongwe, na hofu yake ni moja: kutapika mbele ya wenzake.

Mdogo wangu, huenda ukatapika. Hata waliozaliwa Likoni na Lamu hutapika, hasa mkitoka wakati wa kusi, Juni na Julai, bahari ikiwa imechafuka. Admirali Nelson wa Uingereza alisumbuliwa na mawimbi maisha yake yote, na bado aliongoza ushindi katika vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805. Si woga wala udhaifu. Sikio kwa ndani linahisi meli inakwenda mrama, macho yanaona ukuta umetulia, ubongo unachanganyikiwa na roho inachafuka. Basi usijifungie chini ukitazama simu, wala ile taulo inayoning'inia kitandani ikiyumba huku na huku. Ukiruhusiwa, toka nje, kaza macho pale mbingu inapokutana na maji. Usikae na njaa. Kula biskuti kavu au mkate, tafuna tangawizi, kunywa maji kidogo kidogo. Dawa humezwa kabla ya kung'oa nanga, na umwombe mhudumu wa afya wa melini, kwa sababu nyingine huleta usingizi na wewe una zamu. Wengi hupata nafuu baada ya siku mbili tatu.

Hapo ndipo utayaona mengine. Vitanda vimepandana, injini inanguruma usiku kucha, na mwenzako anarudi kutoka zamu saa nane za usiku ndipo kwanza umepata lepe la usingizi. Bahari ikichafuka, mezani hutandikwa kitambaa kilicholoweshwa ili sahani zisiteleze. Kuoga ni kujimwagia, kufunga bomba, kujipaka sabuni, kisha kufungua tena upesi. Ukitaka kulia, hakuna pa kujificha.

Ninyi wasichana, bebeni sodo kupita siku mlizoambiwa, maana safari huongezwa. Na msizitupe chooni. Vyoo vya meli huziba haraka, na mtateseka nyote.

Ninalokusihi zaidi, mdogo wangu, ni usifiche kwamba unatapika. Anayeficha huacha hata kunywa maji, halafu anaanguka akiwa zamu. Mwambie msimamizi wako mapema, kabla hujaishiwa nguvu. Na mama yako mwambie kwamba mkishakwenda mbali na pwani simu haitashika, asije akakesha akiipiga.