Somo la 31: Pikipiki na Waendao kwa Miguu

1. Barabara moja, watu wengi

Makobola iko kati ya milima na ziwa. Upande wa magharibi milima yapanda mpaka nyanda za juu za Itombwe. Upande wa mashariki maji ya Tanganyika yapiga ufuko. Katikati pamebaki ukanda mwembamba wa nchi, na katika ukanda huo watu wamejenga nyumba, wamelima mihogo na kupanda michikichi. Barabara nayo yapita papo hapo.

Barabara hiyo ni Barabara ya Taifa namba 5. Yatoka Uvira, yapita Makobola na Mboko, yafika Baraka na Fizi, kisha yaelekea kusini mpaka Kalemie. Kila mtu huitumia. Malori yenye mizigo hupita humo. Akina mama wenye vikapu vya ndagala hupita humo. Wazee wenye fimbo, mbuzi, baiskeli na watoto wa shule, wote hupita humo. Na katikati yao hupita pikipiki.

Atokaye Makobola kwenda mjini Uvira huona msongamano mkubwa zaidi. Toka bandari ya Kalundu mpaka Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi, pikipiki ni nyingi kama nyuki. Huko mtoto asiyejua kuvuka barabara yumo hatarini kila siku.

2. Pikipiki ni chombo chema

Pikipiki ya kwanza yenye mashine ya petroli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1885. Mafundi wake walikuwa Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach. Mwili wake ulikuwa wa mbao, na mwendo wake haukupita kilomita 12 kwa saa. Mtoto hodari wa mbio angaliweza kuishinda. Pikipiki za siku hizi, nyingi zikitoka India na China, zapita kilomita 80 kwa saa bila shida.

Pikipiki imeleta faida nyingi. Hupita pahali ambapo gari hukwama. Humpeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa hospitalini. Hubeba unga, dawa na barua. Mwendeshaji wake, ambaye watu humwita motari, hupata humo chakula cha nyumba yake na karo ya wadogo zake. Basi si vema kumchukia motari. Yeye ni mtoto wa watu, ndugu wa wengi, naye afanya kazi ya halali.

Lakini chombo chema katika mkono wa mtu asiyejizuia huwa chombo kibaya, kama vile panga. Motari wengine hawana pikipiki yao wenyewe. Kila jioni yawapasa kumpa mwenye pikipiki fedha walizopatana naye, hata kama abiria walikuwa wachache. Kwa hiyo hukimbia ili wapate safari nyingi. Wengine hupakia watu 3 au 4. Wengine hunywa pombe. Wengine hushindana tu, ili vijana wenzao wawasifu. Sababu ni mbalimbali, lakini mtoto aliyegongwa huumia vilevile.

3. Hesabu ya mwendo

Watu husema, “Alisimama ghafula.” Kwa kweli hakuna pikipiki isimamayo ghafula. Kwanza macho ya motari humwona mtu barabarani. Kisha ubongo hufahamu hatari. Halafu mkono na mguu hukamata breki. Kazi hiyo huchukua kama sekunde 1, na katika sekunde hiyo pikipiki haijaanza kupunguza mwendo hata kidogo.

Tuseme motari anakwenda kilomita 36 kwa saa. Huo ni mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Kabla ya kukamata breki amekwisha kwenda mita 10. Kama breki zake ni nzuri na njia ni kavu, atahitaji kama mita 10 nyingine ili asimame. Jumla ni mita 20.

Tuseme tena motari wa pili anakwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mara 2 ya yule wa kwanza. Kabla ya kukamata breki amekwenda mita 20. Baada ya kukamata breki hahitaji mita 20, bali mita 40, kwa maana mwendo ukizidi mara 2, njia ya breki huzidi mara 4. Jumla ni mita 60, zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira.

Sasa mtoto mdogo anakimbilia mpira wake na kuingia barabarani, mita 30 mbele ya pikipiki. Motari wa kwanza atasimama kabla ya kumfikia, na mita 10 zitabaki. Atamkemea mtoto, na mtoto atarudi nyumbani akilia, lakini yu mzima. Motari wa pili atakapomfikia mtoto atakuwa bado anakwenda zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Mpira ni ule ule, na mtoto ni yule yule. Mwendo tu ndio uliotofautiana.

Hesabu hiyo ni ya njia kavu. Mvua ikinyesha na njia ikiwa matope, mita za kusimama huongezeka. Vumbi likipanda nyuma ya lori, motari haoni mbele. Magunia mawili na abiria watatu wakiwa nyuma yake, breki hulemewa na usukani hutetemeka.

4. Kichwa ni kimoja tu

Mwaka 1935 Mwingereza mmoja mashuhuri, T. E. Lawrence, aliendesha pikipiki yake karibu na nyumbani kwake. Alipenda sana mwendo wa kasi. Siku ya tarehe 13 Mei alikuta mbele yake vijana wawili wenye baiskeli. Alijaribu kuwakwepa, akarushwa chini. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Ubongo wake uliumia, akafa baada ya siku 6.

Kati ya madaktari walioitwa kumwangalia alikuwamo Hugh Cairns. Kifo kile kilimhuzunisha, akaanza kuchunguza jinsi askari waendeshao pikipiki walivyokuwa wakifa. Mwaka 1941 alitangaza aliyoyaona: wengi walikufa kwa kuumia kichwa, na kofia ngumu iliweza kuwaokoa. Jeshi la Uingereza likawaamuru waendeshaji wake wavae kofia hizo. Wachunguzi wa siku hizi wameona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa karibu 4 katika 10. Motari wa Kongo huiita kaske. Lakini kaske iliyotundikwa usukanini hailindi kichwa cha mtu. Yapasa kuvaliwa na kufungwa chini ya kidevu, na abiria pia avae yake.

Tena, mwenda kwa miguu hana kaske wala chuma cha kumkinga. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu kama milioni 1 na 190,000 duniani, yaani zaidi ya 3,200 kila siku. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo zilishinda magonjwa yote kwa kuua.

5. Mtoto mwenye akili barabarani

Sheria ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Yaamuru magari na pikipiki zishike mkono wa kuume. Kwa hiyo pasipo njia ya miguu, mtoto mwenye akili hutembea ukingoni upande wa kushoto. Hapo huona uso wa kila chombo kimjiacho, naye aweza kujitenga mapema. Watoto wakiwa wengi hufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Hawajipangi kama ukuta.

Akitaka kuvuka, kwanza husimama. Hutazama kushoto, kwa maana vyombo vya upande wa karibu hutokea huko. Kisha hutazama kuume, halafu kushoto tena. Husikiliza pia, maana pikipiki yaweza kufichwa na lori. Njia ikiwa wazi huvuka kwa hatua za upesi, bila kukimbia na bila kurudi nyuma. Havuki kamwe mbele ya lori lililosimama, wala nyuma yake. Humshika mdogo wake mkono, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kupima mwendo wa pikipiki. Jioni huvaa nguo nyeupe. Shati la shule laonekana kwa mbali kuliko nguo nyeusi.

Jamaa nyingi za Fizi zimeishi Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu huko Kigoma, na watu huvuka ziwa kwenda na kurudi. Tanzania magari hushika mkono wa kushoto. Huko mtoto hutazama kuume kwanza, na hutembea ukingoni upande wa kuume. Aliyezoea desturi ya ng’ambo moja ajifunze upya afikapo ng’ambo ya pili.

Abiria naye ana wajibu. Mama mmoja mwenye kikapu cha samaki alipanda pikipiki, na kijana akaanza kukimbia. Mama akamgusa begani. “Mwanangu,” akasema, “samaki wangu hawataoza kwa dakika tano. Twende polepole.” Kijana akajibu, “Ndiyo, mama,” akapunguza mwendo. Mama yule hakumtukana kijana, wala hakuogopa kusema. Abiria anayelipa nauli hajauza ulimi wake.

6. Mtu akigongwa

Ajali ikitokea, wengine hukimbilia kumpiga motari, na wengine hukimbilia kutazama tu. Aliyelala chini hapati msaada wowote. Msamaria mwema hakuuliza kwanza nani mwenye kosa. Alishuka, akafunga majeraha.

Mtoto aliyeona ajali huita watu wazima mara moja. Mtu mmoja husimama mbali kidogo kila upande na kuzuia vyombo vingine. Damu ikitoka nyingi, hukandamizwa kwa kitambaa safi bila kuachia. Mtu mwenye maumivu ya shingo au mgongo hainuliwi ovyo, wala haketishwi juu ya pikipiki nyingine. Hulazwa juu ya ubao au machela, kichwa kikiwa kimeshikwa kisitikisike. Hapewi maji wala chakula. Hupelekwa hospitali upesi. Motari naye hapigwi, bali hukabidhiwa kwa wakubwa, ili neno lake liamuliwe kwa haki.

7. Amri ya tano

Amri ya tano ya Mungu yatukataza kuua. Wengi hudhani yamhusu tu mwenye bunduki au kisu. Lakini mwaka 1965 Maaskofu waliokusanyika katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano waliwakumbusha Wakristo kwamba kudharau sheria za mwendo wa magari ni kudharau uhai wa jirani. Mwaka 2007 ofisi moja ya Baba Mtakatifu, yenye kuwaangalia wahamiaji na wasafiri, ilitoa amri kumi kwa waendeshaji. Moja yafundisha kwamba barabarani aliye dhaifu ndiye alindwe. Nyingine yahimiza kuwahurumia walioumia katika ajali. Lori limwangalie mwenye pikipiki. Mwenye pikipiki amwangalie mwenda kwa miguu. Na mtoto mkubwa amwangalie mdogo.

Wazee husema, “Ajali haina kinga.” Ni kweli, mtu hajui siku wala saa. Lakini mwendo wa polepole, breki nzima, kaske kichwani na macho yenye kutazama huzuia ajali nyingi. Wazee hao hao walisema pia, “Haraka haraka haina baraka.” Motari atokaye Makobola asubuhi kwa mwendo wa kadiri atafika Baraka kabla jua halijawa kali, pamoja na abiria wake wote. Motari akimbiaye huenda akafika mapema kidogo. Na huenda asifike kabisa.

Maulizo

1. Kwa nini barabara ya Makobola yapitwa na watu na vyombo vya kila namna?
2. Taja sababu tatu zinazowafanya motari wengine wakimbie. Ipi ingeweza kuondolewa na mwenye pikipiki mwenyewe?
3. Motari anakwenda kilomita 54 kwa saa. Atakwenda mita ngapi katika sekunde 1 kabla ya kukamata breki?
4. Mtoto akivuka barabara Kongo hutazama upande gani kwanza? Na Tanzania je?
5. Mama mwenye samaki alimwambia kijana nini? Kwa nini maneno yake yalisikiwa?
6. Kazi ya mikono: mwanafunzi mmoja aninginize rula, mwenzake aweke vidole chini yake bila kuigusa. Wa kwanza aiachie bila kusema. Wa pili aidake. Rula imeanguka sentimita ngapi kabla ya kudakwa? Somo hilo lafundisha nini juu ya breki za pikipiki?