Uchungu wa kwanza: Kujiandaa kujifungua hospitalini bila dawa ya maumivu

Mama mmoja kijana, mkazi wa upande wa Lanet, alikuja kuniona akiwa na mimba ya miezi minane, mimba yake ya kwanza. Alitoa karatasi mkobani akaikunjua mezani. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: SITAKI SINDANO YOYOTE. Nilimuuliza, "Sindano zipi, mama?" Akajibu, "Zote, daktari." Dada yake alichomwa sindano kadhaa siku ya kujifungua, na hadi leo hajui zilikuwa za nini.

Ombi la kujifungua bila dawa halina ubaya. Mwanamke mwenye afya, mimba isiyo na matatizo na mtoto aliyetanguliza kichwa anaweza kujifungua salama bila dawa ya kupunguza maumivu. Na tuseme ukweli: katika hospitali nyingi za umma nchini, wanawake wengi hujifungua hivyo watake wasitake. Ganzi ya uti wa mgongo huhitaji mtaalamu wa usingizi, ambaye aghalabu yumo katika chumba cha upasuaji akihudumia wengine. Kwa hivyo mama wa Nakuru asijisumbue sana na jinsi ya kuikwepa dawa ya maumivu. Ajisumbue na jinsi ya kuukabili uchungu akiwa amejitayarisha, na ajue ni sindano ipi asiyopaswa kuikataa.

Tuanze na hizo sindano, kwani hapo ndipo penye hatari. Kuna za kutuliza maumivu, kama vile pethidini. Hizo unaweza kuzikataa bila kudhurika. Kuna maji ya mshipani yenye oksitosini, ambayo huongeza nguvu za uchungu. Hayo yana kazi yake uchungu ukizorota, lakini huleta maumivu makali zaidi na humtaka muuguzi asikilize mapigo ya moyo wa mtoto kwa makini. Una haki ya kuuliza kwa nini unawekewa, na ukajibiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kutibiwa.

Sindano ya tatu ni oksitosini hiyo hiyo, uniti 10, inayochomwa mara tu mtoto anapozaliwa. Hii usiikatae. Kondo la nyuma likishatoka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya nyumba ya uzazi inapojikaza. Misuli ikilegea, mama anaweza kupoteza damu nyingi ajabu katika dakika chache, hata kama uchungu wake ulikwenda vizuri kabisa. Kutokwa na damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi hapa Kenya. Utafiti uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa kupima damu kwa mfuko maalumu chini ya mama na kuanza matibabu yote kwa pamoja kulipunguza uvujaji mkubwa wa damu kwa asilimia 60. Sindano hiyo haipunguzi maumivu wala haimfikii mtoto, kwa kuwa amekwisha kuzaliwa.

Hapa pana jambo linalonikera. Wapo wanaokataa sindano ya hospitali lakini wanakunywa mitishamba ya "kufungua njia" waliyoletewa na shangazi kwenye chupa ya soda. Hiyo nayo ni dawa, tena dawa isiyo na kipimo. Baadhi yake hukaza nyumba ya uzazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa au nyumba ya uzazi ikapasuka. Ukiwa umekwisha kuinywa, mwambie muuguzi bila kuona haya.

Sasa uchungu wenyewe. Mimba ya kwanza haina haraka. Kipindi cha mwanzo, mlango wa uzazi unapolainika, huweza kuchukua siku nzima au zaidi. Kwa mujibu wa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, uchungu kamili huhesabiwa tangu mlango umefunguka sentimita 5, na kwa mzazi wa mara ya kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12. Kusukuma kwaweza kufika saa tatu. Miongozo hiyo iliacha ile kanuni ya zamani ya kudai kila mama afunguke sentimita moja kwa saa. Ukiyajua haya mapema, hutatishika ukiambiwa saa nane za usiku kwamba umefika tatu tu.

Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read, aliyeandika juu ya uzazi tangu miaka ya 1930, alisema hofu hukaza misuli na misuli iliyokazana huongeza maumivu. Hakuwa sahihi katika kila jambo, lakini hilo tunaliona wodini kila wiki.

Kinachosaidia kuliko vyote ni mtu wa kukaa nawe. Uchunguzi uliojumlisha tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000, uliotolewa mwaka 2017, ulikuta kuwa mwenye msaidizi wa kudumu huelekea kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na haja ya dawa hupungua. Chagua mtu mtulivu. Si lazima awe mama mkwe, na si lazima awe mume ikiwa huyo mume huzimia akiona damu. Mfundishe kukandamiza kiuno chako kwa kiganja kila uchungu unapopanda, kukupa uji au chai kidogo kidogo, na kukukumbusha kwenda haja ndogo. Katika mwezi wa nane, uliza kliniki kama hospitali yako huwaruhusu wasaidizi hadi chumba cha kujifungulia. Wodi nyingine zina vitanda vilivyobanana na pazia haba, hivyo huzuia. Afadhali ulijue mapema.

Uliza pia kama utaruhusiwa kutembea. Kusimama na kutembea katika hatua ya kwanza hufupisha uchungu kwa zaidi ya saa moja kwa wastani. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, niliwaamuru akina mama walale chali, kwa sababu tu mimi ndiye niliyeona vizuri zaidi hivyo. Kuchuchumaa, kupiga magoti na kulala ubavu vyote vinafaa. Na kuongezewa njia kwa mkasi kusifanywe kwa kila mama kama desturi.

Wakati wa kwenda hospitali, kwa anayeishi mjini, ni uchungu unapokuja kila baada ya dakika tano kwa muda wa saa nzima. Anayetoka Kuresoi, Mau Narok au Solai asingoje hivyo, hasa wakati wa mvua. Mpatie mwenye teksi malipo yake mapema na uweke nambari yake ukutani. Chukua kijitabu cha kliniki, leso mbili, sweta na soksi, maana usiku wa Nakuru una baridi. Aidha, SHA ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kwa hivyo hakikisha umejiandikisha kabla ya mwezi wa tisa.

Yule mama wa Lanet aliandika karatasi upya hapo hapo kwangu. Alijifungua mtoto wa kike kwa njia ya kawaida, bila dawa ya maumivu, na sindano ya pajani aliipokea baada ya kuuliza ni ya nini.

Ukiwa katikati ya uchungu na ukaona umezidiwa, omba dawa kama ipo. Hujamkosea mtu. Nami nimewaona wanawake wakilala saa mbili baada ya kutulizwa, wakaamka na nguvu za kusukuma.

Zipo dalili zinazovunja mpango wowote: kuvuja damu nyingi, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, kutukutika kwa mwili, homa, maji ya kijani, au mtoto kupunguza kucheza. Ukiona mojawapo, usisubiri uchungu wala kupambazuka. Nenda hospitali usiku huo huo. Maji yakivunjika hata bila uchungu, nenda pia.