Jumanne: Ndoa Zisizounganisha Falme

Soma Danieli 2:41–43. Unabii unasema nini kuhusu falme zinazotafuta umoja kwa njia ya ndoa?

Charles V, aliyezaliwa Ghent mwaka 1500, alirithi Hispania, Uholanzi na Austria kupitia ndoa za wazazi na babu zake. Mwaka 1519 alichaguliwa kuwa Kaisari. Umoja wa Ulaya ulionekana kukaribia. Mwaka 1530 dada yake, Eleanor, aliolewa na hasimu wake mkubwa, Francis I wa Ufaransa. Mashemeji hao walipigana tena mwaka 1536, na tena 1542!

Ujerumani nayo iligawanyika kwa sababu ya imani. Amani ya Augsburg ya mwaka 1555 ilimruhusu kila mtawala kuchagua Ukatoliki au Ulutheri kwa ajili ya nchi yake. Mkulima hakuulizwa. Asiyeridhika aliruhusiwa kuuza mali yake na kuhama. Charles, akiwa amechoka na mgonjwa, alimwachia mwanawe Philip Hispania na Uholanzi, na ndugu yake Ferdinand akachukua Dola.

Soma Matendo 5:29. Mkulima Mlutheri chini ya mtawala Mkatoliki angefanya nini: auze shamba la baba yake na kuhama, au abaki?