Mas-ala ya Mzee na Hazina ya Matibabu

Katika mambo yaliyozusha mashindano makubwa baina ya wenye elimu wa Ulaya na Marekani ni hili: mali ya umma iliyowekwa kwa matibabu ikiwa haitoshi watu wote, je, yafaa mzee azuiliwe ili apewe kijana? Kila mwenye baba jambo hili lamhusu, na kila kijana aombaye umri mrefu litamfikia.

Uingereza ilianza kutibu watu wake wote kwa mali ya serikali tarehe 5 Julai 1948. Dawa zikazidi, gharama zikazidi, na wazee wakawa wengi. Mwaka 1999 ikaundwa taasisi iitwayo NICE, ipime dawa ipi yastahiki kulipiwa. Kipimo chake ni mwaka mmoja wa uhai wenye afya kamili. Na kwa miaka mingi dawa iliyopatisha mwaka huo kwa gharama isiyopita paundi 20,000 hata 30,000 ndiyo iliyokubaliwa kwa kawaida. Tuseme, kwa mfano, tiba ya paundi 100,000 yampa kijana miaka 40: kila mwaka ni paundi 2,500. Tiba hiyo hiyo ikimpa mzee miaka 5, kila mwaka ni paundi 20,000. Hesabu haikutaja uzee, lakini mzee amekwisha kurudi nyuma.

Wenye kutaka mpaka wa umri wana hoja zao. Daniel Callahan, Mmarekani, aliandika mwaka 1987 kwamba mtu akiisha kutimiza umri wa kimaumbile, karibu na miaka 80, serikali imtunze na kumwondolea maumivu, wala isitoe mali kumrefushia uhai. Alan Williams wa York, mwaka 1997, alisema kila mtu ana fungu la haki la miaka. Aliyekwisha kulipata asimtangulie ambaye hajalipata. Na Machi 2020, korona ilipoifika Italia, chama cha matabibu wa wagonjwa mahututi kiliandika kwamba huenda ikalazimu kuweka mpaka wa umri.

Jawabu lake ni hili. Uchache wa mali ni kweli isiyokanushika, na mali bila daftari hupotea bila khabari. Lakini umri peke yake si mizani. Mzee wa miaka 85 aliyepofuka kwa mtoto wa jicho, kwa upasuaji mdogo huona tena, akaenda msikitini pasina kushikwa mkono. Na huenda kijana akatiwa dawa ya ghali isimfae kitu. Kitazamwacho ni nafuu, si miaka. Uingereza yenyewe, tangu Oktoba 2012, imekataza kwa sheria kumnyima mtu mzima huduma kwa umri wake pasipo sababu ya haki.

Na Waislamu wana mfano wa kale. Abu Yusuf amepokea kwamba Sayyidna Umar alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba njiani. Akamchukua nyumbani kwake akampa, kisha akamwamuru mweka hazina wa Baitul Mali amwangalie yeye na walio mfano wake. Hoja yake ni kwamba aliyetozwa ujanani si haki kutupwa uzeeni.

Hata hivyo haifuati kwamba kila tiba ni lazima. Katika madhehebu ya Imamu Shafii kujitibu ni sunna. Basi mzee mwenye akili zake akikataa tiba nzito isiyotarajiwa kufaa, hakukosa. Tofauti ni kubwa baina ya mzee aliyechagua mwenyewe kuacha na mzee aliyeachwa na wengine.

Basi mwenye mzee nyumbani na amuulize tabibu swali moja: tiba hii itamfaa nini? Akijibiwa kuwa itamfaa, asikubali kuambiwa kuwa ni mzee tu. Akijibiwa kuwa haitamfaa, asimtese baba yake kwa ajili ya macho ya watu. Na wenye kushika hazina wakumbuke kuwa wao nao, wakijaaliwa umri, watasimama mlango huo huo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.