Ningu na Mto Ujaapo Maji

Ninyi mlimao kando ya mito Nzoia, Yala na Kagera, fahamuni desturi ya ningu. Mvua kubwa zianzapo, samaki huyu hutoka Ziwa Victoria, hupanda mto na kutaga mayai katika majani ya bondeni yaliyofunikwa na maji. Azibaye mlango wa mto kwa nyavu wakati huo ni sawa na mkulima alaye mbegu zake. Kwa sababu hiyo ningu walipungua sana kufikia miaka ya 1960.

Basi, mvua zinyeshapo, palilieni mashamba na kutengeneza migono yenye matundu mapana, wachanga wapate kupita; wala msilime majani ya ukingoni. Maji yapunguapo ndipo mtege, mkiacha njia wazi katikati ya mto.