Fereti mweupe, macho mekundu

*Daktari, tunaishi Uingereza. Mwanangu amepewa fereti mweupe pe, macho mekundu. Mpira ukipita mbele yake kama hauoni, na nikimwita mara nyingine hageuki. Je, ni kipofu? Au kiziwi?*
*Mama Wawili, Leicester*

Mama Wawili, sidhani kama ni kipofu. Ana ualbino: macho yake hayana rangi ya kuficha mishipa ya damu, ndiyo maana ni mekundu. Fereti wote, jamaa hawa wa kicheche, huona vizuri vya karibu tu. Mengine huyajua kwa pua na masikio. Mwenye ualbino huumizwa pia na mwanga mkali, na hupata tabu kufuatilia kitu kinachokwenda. Basi mpira huo mnamwonea! Mpeni wenye kengele, kizimba kikae mbali na jua la dirishani, na msimshike ghafla kwa nyuma. Akishtuka atauma, wala si ukali.

Uziwi kwa kawaida huwaandama fereti wenye baka au mstari mweupe kichwani, si hawa. Akiwa macho na amekupa mgongo, tikisa funguo. Akigeuka, anasikia, alikupuuza tu.

Manyoya yakiwa ya manjano, ni mafuta ya ngozi. Msimwoshe kila mara, yatazidi.

Jicho likiingia ukungu, au manyoya yakinyonyoka kuanzia mkiani, mpelekeni kwa daktari wa mifugo anayewajua fereti. Akidondokwa mate na miguu ya nyuma ikilegea, msingoje kesho.