Dondoo muhimu: Kokoto kwenye ua wa ploti

Ardhi ya mtaa wa Gatwekera, Kibera, Nairobi, inateremka, na mvua za Machi hadi Mei hugeuza ua kuwa tope. Kokoto zikitandazwa vizuri, watoto na wazee hawatelezi.

1. Elewaneni na mwenye ploti na majirani kwanza, maana ua ni wa wote.
2. Tazama mvua moja ikinyesha kabla ya kuchimba: maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi?
3. Zoa taka na tope lote. Hapa ndipo wengi hukosea: kokoto zikimwagwa juu ya karatasi za plastiki na udongo laini, huzama zote kabla mvua hazijaisha, na pesa zimekwenda.
4. Shindilia chini, uteremko uelekee mtaroni, kamwe si mlangoni kwa jirani.
5. Tandika magunia makuukuu yanayopitisha maji; nailoni hutuamisha.
6. Weka vipande vya mawe, kisha kokoto kwa unene wa inchi 3. Ua wa mita 2 kwa 3 hula toroli 7 au 8.
7. Agiza kwa mkokoteni, kwani lori halipiti vichochoroni.
8. Zungushia mawe ya kuchonga, la sivyo mvua itabeba kokoto na kuziba mtaro.
9. Njia ya kupitia iwe ya mawe bapa. Kokoto kali hukata nyayo za watoto.
10. Usifukie mipira ya maji ya kunywa. Ikipasuka chini, uchafu huingia bila mtu kuona.